Je, Wajua? Bunduki za Vita vya Mjerumani Ambazo Filamu Hazikuonyeshi

Wasomaji wa Masuguru, wa upande wa Handeni na wa upande wa Korogwe, safu ya leo ni yenu. Kwenye kibanda umiza tumezoea kuona bunduki isiyoishiwa risasi na jemedari asiyetoka jasho. Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilipita kwenye reli na njia zenu wenyewe, na silaha zake zilikuwa na vituko ambavyo waongozaji wa filamu huvikwepa.

Je, wajua kuwa askari wengi wa Mjerumani waliingia vitani mwaka 1914 wakiwa na bunduki ya mwaka 1871? Ilikuwa Mauser ya zamani, ya risasi moja moja. Askari anavuta komeo, anatumbukiza risasi nene ya milimita 11, anafunga, analenga, anafyatua, kisha anaanza upya. Kujaza kulichosha, lakini kilichoua ni moshi. Bunduki hiyo ilitumia baruti nyeusi, na kila mlio uliacha wingu jeupe likining'inia juu ya kichaka. Adui hakuhitaji kumwona mtu. Alipiga penye wingu. Naye mpigaji, kwa dakika ile, alikuwa haoni mbele. Ujerumani kwao walishaachana na baruti hiyo miaka mingi nyuma. Makoloni yalipewa masalia.

Je, wajua kuwa Lee-Enfield ya Mwingereza ilichukua risasi 10 na haikutoa moshi wa kumtaja mwenyewe? Mauser mpya, ya mwaka 1898, ilichukua 5, nayo haikuwa na moshi. Kampuni chache tu za askari wa Mjerumani zilikuwa nayo vita vilipoanza.

Basi walizipata wapi nyingine? Nyingi walizipata kwa adui. Novemba 1914 Waingereza waliteremsha Tanga wanajeshi wapatao 8,000, wengi wao kutoka India. Jemedari wa Mjerumani, von Lettow-Vorbeck, alikuwa na watu kama 1,000, wengi wao wakiwa wameletwa kwa treni kutoka upande wa Moshi, kwa reli ileile ya Usambara iliyofika Korogwe mwaka 1902. Mwingereza alishindwa, akarudi melini, akaacha ufukweni bunduki 455, bombomu 16 na risasi 600,000. Mimi naona huo ni msaada mkubwa Mjerumani alioupata katika vita ile, na aliyeutoa ni hasimu wake.

Je, wajua kuwa nyuki nao walipigana Tanga? Risasi zilitikisa mizinga yao mitini, wakatoka kwa hasira. Waingereza walivumisha kuwa Mjerumani aliwafuga makusudi kwa ajili ya vita. Uongo mtupu: von Lettow mwenyewe aliandika kuwa nyuki haohao waliwafukuza wapigaji wake kwenye bombomu zao pale walipohitajika zaidi.

Bombomu hizo zilikuwa za aina ya Maxim, iliyobuniwa na Hiram Maxim mwaka 1884. Kwenye filamu mtu mmoja huibeba kiunoni akakimbia nayo. Ya Mjerumani, pamoja na kiti chake cha kuilalia, ilizidi kilo 60. Mkanda wake wa kitambaa ulibeba risasi 250, na mtutu ulizungushiwa maji kama lita 4 ili usiungue. Ukipiga mfululizo, maji yanachemka. Porini kiangazi, hapo kuna swali la nani anywe, mtu au bunduki.

Je, wajua kuwa kuna bunduki zilizozama baharini ndipo zikaenda vitani? Aprili 1915 meli ya Rubens ilivunja ulinzi wa Waingereza ikaingia Ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, ikapigwa na manowari Hyacinth. Bunduki mpya zipatazo 1,800 na mamilioni ya risasi vilitolewa majini. Risasi zikafunguliwa, baruti ikakaushwa, zikafungwa tena. Nyingine ziligoma hata hivyo.

Sasa tuje nyumbani. Mwaka 1916 Smuts, jemedari wa Waingereza, aliposhuka na bonde la Pangani, Mjerumani alikuwa ameshatandika reli nyepesi ya vigari kutoka Mombo hadi Handeni. Hapakuwa na injini. Watu walisukuma. Juni mwaka huo Waingereza walishika Korogwe, kisha Handeni, na tarehe 24 wakapigana kwenye mto Lukigura. Walipopiga kambi Msiha, makombora makubwa yakaanza kuwadondokea kutoka mbali.

Mzinga wenyewe ulikuwa wa melini. Manowari Königsberg, iliyoizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, ilikwamishwa kwenye delta ya Rufiji na kuangamizwa Julai 1915. Mizinga yake 10, ya milimita 105, ilitolewa, ikapelekwa Dar es Salaam, na mafundi wa karakana ya reli wakaiundia magurudumu. Kisha mamia ya wapagazi wakaivuta kwa kamba, vilima na matope. Waingereza nao waliifanyia mizinga ya Pegasus vivyo hivyo. Leo mmoja wa kila meli upo Fort Jesus, Mombasa, maadui wawili uani pamoja. Wapagazi waliovuta, hao hata majina yao mengi hayakuandikwa.

Je, wajua kuwa filamu maarufu kuhusu vita hii hapa kwetu ni The African Queen ya mwaka 1951? Ilimpa Humphrey Bogart tuzo yake pekee ya Oscar. Ilipigwa Uganda na Kongo, si Tanganyika. Meli ya Kijerumani inayowindwa humo imechukuliwa kutoka Graf von Götzen, iliyozamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa mwaka 1924 na kupewa jina Liemba, ileile ya Ziwa Tanganyika tunayoijua. Bogart anaunda makombora kwa mitungi ya gesi. Kweli yenyewe ina raha zaidi: Waingereza walileta ziwani humo boti mbili ndogo, zilizoitwa Mimi na Toutou, kwa reli na kwa kukokotwa porini. Zilikuwa nyepesi kiasi kwamba mzinga wa mbele ulifaa kupigwa kuelekea mbele tu. Desemba 1915 ziliiteka meli ya Kijerumani, Kingani.

Na kabla ya Mjerumani? Gobore. Unamimina baruti mdomoni mwa mtutu, unashindilia kwa mti, unatia risasi na tambara, unashindilia tena, ndipo unaweka fataki. Wazigua walitangulia kuzipata kwa biashara ya pwani, na ndizo zilizowatia kiburi mbele ya Wasambaa. Baadaye Semboja, mwana wa Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Wasambaa, akakaa Mazinde, njiani mwa misafara, akajilimbikizia bunduki, na Vuga, mji wa kifalme pale mlimani, ikamtetemekea.

La mwisho. Tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya Ulaya kunyamaza, von Lettow alisalimisha silaha Abercorn, siku hizi Mbala, Zambia. Alikabidhi mzinga mmoja wa Kireno na bombomu 37, kati yake 7 tu za Kijerumani. Bunduki za mkononi zilizidi 1,000, nazo zilikuwa za Kiingereza na Kireno.