Tibamionzi ya saratani ya shingo ya kizazi

Tibamionzi ya saratani ya shingo ya kizazi ni matibabu yanayotumia mionzi yenye nguvu kuua seli za saratani katika sehemu ya chini ya mfuko wa uzazi. Saratani hiyo husababishwa hasa na virusi vya HPV. Ikigunduliwa mapema huweza kuondolewa kwa upasuaji. Ikishasambaa kuzunguka shingo ya kizazi, mionzi ndiyo tiba kuu.

Namna inavyofanyika

Mionzi huharibu DNA ya seli hadi zishindwe kugawanyika. Matibabu huwa na sehemu mbili:

* Mionzi ya nje: mashine huelekezwa kwenye nyonga, kwa kawaida siku tano kwa wiki kwa muda wa wiki tano hivi. Kila kikao huchukua dakika chache na hakiumi. Mgonjwa habaki na mionzi mwilini, hivyo anaweza kukaa na watoto wake bila hatari.
* Mionzi ya ndani: chanzo cha mionzi huingizwa kwa muda kupitia uke hadi karibu na uvimbe, kisha huondolewa.

Mara nyingi dawa ya sisplatini hutolewa pia kila wiki ili kuongeza nguvu ya mionzi.

Madhara

Mgonjwa anaweza kupata uchovu, kuharisha na maumivu wakati wa kukojoa. Baadaye uke unaweza kuwa mwembamba. Mwanamke ambaye bado anapata hedhi huifikia komahedhi na hawezi tena kushika mimba.

Upatikanaji nchini Tanzania

Tiba hii hutolewa katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, na Hospitali ya Bugando, Mwanza. Kwa mwanamke wa Sekenke, wilaya ya Iramba, mkoa wa Singida, Dar es Salaam iko umbali wa zaidi ya kilomita 700. Mwanza ni karibu zaidi, kwa barabara ipitayo Nzega na Shinyanga. Kwa kuwa vikao ni vya kila siku, hulazimika kuishi mjini kwa wiki kadhaa. Kukatiza matibabu hupunguza uwezekano wa kupona: inashauriwa yote yakamilike ndani ya wiki nane.

Kinga

Tangu mwaka 2018 Tanzania hutoa chanjo ya HPV kwa wasichana. Dalili za kuchunguzwa haraka ni kutokwa damu baada ya kujamiiana au baada ya komahedhi.