Kunyonya na Uzito wa Mtoto Mdogo

Mtoto wa chini ya miaka 5 huhesabiwa kuwa na uzito uliozidi pale kilo zake zinapokuwa nyingi mno kwa urefu wake. Mashavu na mikunjo ya mapaja si kipimo. Kwa hesabu hiyo ya uzito kwa urefu, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta watoto wenye uzito uliozidi nchini Tanzania ni takriban asilimia 4, na waliodumaa ni asilimia 30.

Kwa takwimu hizo, kuzungumzia unene Isongole huweza kuonekana kama kujitafutia shida ya watu wengine. Kata hii ya wilaya ya Rungwe, kando ya barabara ya Mbeya kwenda Tukuyu, ina baridi, viazi mviringo na ng'ombe wa maziwa, na iko katika Nyanda za Juu Kusini, ambako mikoa ya Njombe na Rukwa ina udumavu kwa karibu nusu ya watoto licha ya chakula kujaa. Lakini unene na udumavu mara nyingi huanzia katika miezi ileile ya mwanzo. Mtoto aliyekosa lishe bora akabaki mfupi, kisha akashibishwa wanga na sukari, huongeza kilo bila kuongeza kimo. Mwaka 2015–16 zaidi ya robo ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi, kwa hiyo mtoto wa leo anakua katika nchi ambayo tatizo hilo limekwisha kuingia.

Maziwa ya mama yanahusikaje? Kwanza, anayenyonya hujipimia mwenyewe. Akishiba huachia titi, na hakuna anayejua amebakiza kiasi gani. Kwenye chupa au bakuli, mlishaji ndiye anayeona kilichobaki. Mama akienda kupanda viazi, mtoto huachwa na bibi au dada yake mwenye umri wa kwenda shule, na mlezi huyo huona ametimiza wajibu bakuli la uji likiwa tupu, hata kama mtoto amegeuza uso mara 3. Akizoeshwa hivyo kila siku, mtoto hupoteza kipimo chake cha shibe.

Pili ni protini. Mililita 100 za maziwa ya mama zina takriban gramu 1; za maziwa ya ng'ombe zina zaidi ya gramu 3, kwa sababu ndama hukua haraka kuliko mtoto wa binadamu. Protini nyingi mapema huchochea insulini na homoni za ukuaji, na mwili hujenga mafuta zaidi. Jaribio lililofanyika katika nchi 5 za Ulaya likiongozwa na Berthold Koletzko lililinganisha maziwa ya kopo yenye protini nyingi na yenye protini kidogo. Walipofika miaka 6, wenye unene uliokithiri katika kundi la protini nyingi walikuwa zaidi ya mara 2 ya wale wa kundi la protini kidogo. Rungwe, ambako maziwa ya ng'ombe yapo nyumbani, jambo hili lina uzito wa pekee: maziwa hayo si kinywaji cha mtoto ambaye hajatimiza mwaka, na pia yana madini ya chuma kidogo mno.

Ushahidi wa jumla una pande mbili, na ni haki wazazi wauone wote. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliotumika katika jarida la Lancet mwaka 2016 ulionyesha kuwa walionyonya kwa muda mrefu wana uwezekano mdogo wa kunenepa, kwa takriban asilimia 26. Tafiti zilizofanywa kwa umakini zaidi zikihesabiwa peke yake, tofauti hushuka hadi asilimia 13. Huko Belarus, ambako akina mama na watoto zaidi ya 17,000 walifuatiliwa kuanzia mwaka 1996, hospitali zilizohimiza unyonyeshaji zilifanikiwa kuongeza muda wa kunyonya, lakini watoto hao hawakuwa wembamba kuliko wenzao walipofika umri wa kusoma. Ulaya anayenyonyesha muda mrefu mara nyingi ni mama mwenye elimu na kipato, na hayo nayo huamua mtoto anakula nini baadaye. Kwa hiyo kunyonya si chanjo ya unene. Ni kinga mojawapo, na hata unene ukiwekwa kando, kupungua kwa kuhara na nimonia kunatosha kuwa sababu ya kunyonyesha.

Tanzania karibu kila mtoto hunyonyeshwa. Kinachokosekana ni kunyonyeshwa maziwa ya mama pekee hadi miezi 6. Mwaka 2022 watoto waliolishwa hivyo walikuwa asilimia 64. Wengine walikuwa tayari wamepewa maji, uji au maziwa mengine, kwa kawaida baada ya mtu kusema maziwa ya mama hayatoshi. Hata kadi za kliniki zilichangia kosa hilo zamani, kwa kuwa vipimo vya kimataifa vya ukuaji vilivyotumika humo vilitokana kwa sehemu kubwa na watoto wa Marekani waliolelewa kwa chupa. Mtoto mzima kabisa anayenyonya alionekana kurudi nyuma baada ya mwezi wa 3. Vipimo vipya vya mwaka 2006 vilitokana na watoto walionyonyeshwa wa Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 humpa mama likizo ya siku 84 na hadi saa 2 kwa siku za kunyonyesha, lakini jembe halina likizo. Mkulima anaweza kukamua maziwa kwenye kikombe safi chenye mfuniko. Katika ubaridi wa Isongole hukaa saa 4 bila friji, na mtoto akanyweshwa kwa kikombe. Baada ya miezi 6, viazi vilivyopondwa pamoja na maharage, mboga, yai au parachichi huongezwa huku akiendelea kunyonya hadi miaka 2 au zaidi. Uji hauhitaji sukari, na soda na biskuti hazina nafasi hapo.

Mtoto anayenyonya tu akiwa mnono katika miezi ya mwanzo hapunguziwi titi. Wengi hupungua wenyewe wanapoanza kutambaa. La kumuuliza mhudumu wa kliniki ni pale mstari wa uzito unapopanda huku wa urefu umelala, na swali la kwanza liwe mtoto anapewa nini zaidi ya titi, na nani anayemlisha mchana.