Nguo chakavu zisitupwe migombani, ni mali kwa kikundi

NGUO ya mtumba inapofika katika kata kama Ikuti, wilayani Rungwe mkoani Mbeya, huwa imekwisha kupita mikono mingi. Imevaliwa Ulaya, Marekani au Asia, ikachambuliwa, ikafungwa kwenye robota, ikasafirishwa kwa meli hadi Dar es Salaam, kisha ikapakiwa kwenye lori mpaka Mbeya na kuwafikia wachuuzi wa Tukuyu na wa magulio ya vijijini. Kila hatua ya safari hiyo inalipiwa na mtu. Kinachosahaulika ni hatua ya mwisho. Nguo hiyo ikichanika, ikipauka au ikikosa mnunuzi kabisa, huenda wapi?

Mjini kuna gari la taka, japo halipiti kila siku. Kijijini gari hilo halipo. Nguo iliyokwisha hutupwa shimoni, migombani au korongoni, ama huchomwa pamoja na taka nyingine za nyumbani. Mabaki ya mafundi cherehani nayo hufuata njia hiyo hiyo.

Zamani jambo hilo halikuwa na madhara makubwa. Kaniki na khanga za pamba zikitupwa shambani ziliozea udongoni. Leo hali ni tofauti, kwani zaidi ya nusu ya nyuzi zinazotengenezwa duniani ni za poliesta, ambayo hutokana na mafuta ya petroli. Kwa asili yake, poliesta ni ndugu wa plastiki. Haiozi kama pamba, na ikichomwa huyeyuka na kutoa moshi mzito usiofaa kuvutwa.

Hasara kwa mkulima na mfugaji

Kwa wakulima wa Rungwe, ambao wengi huishi kwa migomba, chai, viazi, maparachichi na maziwa, suala hili si la usafi wa mazingira peke yake. Kitambaa cha sintetiki kikifukiwa shambani hukaa miaka, jembe hukikuta na kukivuta pamoja na mizizi. Kikitupwa korongoni, mvua nyingi za wilaya hiyo hukisomba hadi mitoni, na mito ya Rungwe, ukiwamo Kiwira, huteremka kuelekea Kyela na Ziwa Nyasa. Taka ya mtu wa mlimani inakuwa ya mkulima wa mpunga wa bondeni.

Mfugaji ana sababu ya ziada ya kuwa makini. Ng'ombe hachambui malisho kwa ulimi kama afanyavyo mbuzi. Humeza kwanza na kucheua baadaye. Kipande cha kitambaa, kamba au mfuko wa plastiki kilichochanganyika na majani kinaweza kukwama katika tumbo la kwanza, kikajikusanya na vingine hadi kuziba njia. Ng'ombe huanza kupoteza hamu ya kula, maziwa hupungua, na mwenye mali huweza kudhani ni minyoo. Mara nyingi tatizo hujulikana ng'ombe akiwa amekwisha chinjwa. Kwa kaya inayolipa ada ya shule kwa fedha ya maziwa, hiyo ni hasara kubwa iliyoletwa na shati bovu.

Mchuuzi naye hulipia taka

Wapo wanaodhani kwamba taka ya nguo ni tatizo la mvaaji tu. Ukweli ni kwamba mchuuzi wa mitumba ndiye wa kwanza kuilipia. Yeye hununua robota likiwa limefungwa, hajui kilichomo mpaka alifungue.

Chukua mfano wa hesabu. Mchuuzi ananunua robota la mashati kwa Sh400,000 na kukuta ndani mashati 200. Kila shati limemgharimu Sh2,000. Lakini 40 kati ya hayo yana madoa, yamechanika au ni makubwa mno kwa wateja wake. Yaliyobaki ya kuuzwa ni 160, hivyo kila shati zuri sasa limemgharimu Sh2,500, kabla ya nauli na ushuru wa gulio. Mashati 40 yaliyotupwa yamekula mtaji wa Sh80,000. Fedha hiyo ama mchuuzi anaibeba mwenyewe, ama anaihamishia kwa mnunuzi.

Kwa hesabu hiyo, yeyote atakayeweza kuyapatia mashati hayo 40 kazi nyingine, hata kwa bei ndogo, atakuwa ameokoa sehemu ya mtaji wa mchuuzi na kupunguza taka ya kijiji kwa wakati mmoja. Hapo ndipo kikundi cha kijamii kinapopata nafasi yake.

Mitumba haiondoki kesho

Wengine husema dawa ni kuizuia mitumba. Jaribio hilo limekwisha kufanyika. Mwezi Machi 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa hatua kwa hatua ili kuvipa nafasi viwanda vya nguo vya ndani. Wafanyabiashara wa nguo zilizotumika wa Marekani walilalamika mwaka 2017, na nchi hiyo ikatishia kuondoa upendeleo wa kuingiza bidhaa bila ushuru chini ya mpango wa AGOA. Kenya, Tanzania na Uganda zililegeza msimamo. Rwanda ilishikilia ushuru wake wa Dola 2.50 kwa kilo, na Julai 2018 Marekani ikasitisha upendeleo huo kwa nguo za Rwanda.

Mitumba imekuwa sehemu ya maisha ya Watanzania tangu biashara ilipoanza kulegezwa mwaka 1984, baada ya miaka ya uhaba ambapo kupata kitambaa cha dukani kulihitaji foleni. Inawavisha wengi na kuwaajiri wengi. Sheria zilizopo zinagusa ubora na afya. Mathalani, nguo za ndani zilizotumika haziruhusiwi na Shirika la Viwango Tanzania (TBS).

Aidha, tangu Januari 1, 2025 nchi za Umoja wa Ulaya zinatakiwa na sheria kukusanya nguo chakavu peke yake, bila kuzichanganya na taka nyingine. Nguo nyingi zaidi zikikusanywa huko, nyingi zitatafuta soko, na wauzaji wa Afrika wana sababu ya kuwa macho kuhusu ubora wa kitakacholetwa.

Walioanza wanafundisha nini

Jijini Nairobi, Kenya, shirika la Africa Collect Textiles, maarufu kwa kifupi ACT, lilianzishwa mwaka 2013 na Alex Musembi pamoja na Elmar Stroomer. Kazi yake ni kukusanya nguo na viatu vilivyochoka kupitia masanduku yaliyowekwa mahali penye watu wengi, kisha kuvichambua. Vinavyofaa kuvaliwa hurudi kwa watumiaji. Visivyofaa hugeuzwa mazulia, mabegi, wanasesere na bidhaa nyingine. Kinachojifunzwa hapo ni kwamba kazi kubwa iko katika uchambuzi kabla ya cherehani kuguswa.

Nchini Ghana, taasisi ya The Or Foundation imefanya kazi kwa miaka mingi na wafanyabiashara wa soko la Kantamanto, Accra, ambalo sehemu yake kubwa iliteketea kwa moto Januari 2025. Taasisi hiyo ilikadiria kuwa takriban asilimia 40 ya nguo za robota la kawaida huishia kuwa taka. Chama cha wafanyabiashara wa mitumba wa Ghana kimepinga na kutaja kiwango cha chini sana. Mabishano hayo yanaonyesha umuhimu wa kupima. Asiyepima hawezi kujua amepoteza kiasi gani, wala hawezi kumshawishi mtu mwingine.

Karibu zaidi na Rungwe, mjini Iringa, kuna Neema Crafts, mradi wa Kanisa la Anglikana ulioanza mwaka 2003 na vijana watatu viziwi. Walijulikana kwa kutengeneza karatasi kutokana na kinyesi cha tembo, na baadaye mradi ukapanuka hadi ufumaji na ushonaji na kuajiri watu wengi wenye ulemavu. Kama kinyesi cha tembo kimepata mnunuzi, nguo chakavu haiwezi kushindwa, mradi bidhaa iwe safi na imara.

Kazi ya kikundi hatua kwa hatua

Kikundi katika kata kama Ikuti hakihitaji mashine kubwa. Kinahitaji chumba kikavu, mizani, mikasi mizuri, cherehani moja au mbili na watu wenye subira. Kwa kuwa Rungwe ina mvua nyingi, adui wa kwanza ni unyevu. Nguo zikirundikwa sakafuni zikiwa mbichi huota ukungu na kuharibu hata zilizokuwa nzuri. Ziwekwe juu ya chaga, na zile zinazohitaji kufuliwa zifuliwe siku za jua.

Baada ya kupima uzito, nguo zigawanywe katika mafungu manne.

Fungu la kwanza ni zinazofaa kuvaliwa baada ya kutiwa kifungo, zipu au kiraka. Hizi ndizo zenye faida ya haraka kuliko zote, kwa sababu kazi yake ni ndogo.

Fungu la pili ni za pamba. Hizi hukatwa kuwa matambara ya gereji, vitambaa vya jikoni na vya kukamulia. Mfugaji anahitaji kitambaa safi cha kupangusa kiwele kabla ya kukamua, na ni vyema kila ng'ombe awe na chake, kwani kitambaa kimoja kwa ng'ombe wote husambaza ugonjwa wa kiwele. Vitambaa hivyo vichemshwe na kuanikwa juani baada ya matumizi.

Fungu la tatu ni jinzi na vitambaa vigumu. Hivi vinafaa kwa aproni za kazi, kata za kubebea mikungu ya ndizi kichwani, na mifuko ya sokoni. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku nchini Juni 1, 2019, kila mnunuzi anahitaji mfuko, na mfuko wa jinzi hudumu kuliko mingi inayouzwa.

Fungu la nne ni za sintetiki na mafulana yaliyochoka. Yakikatwa vipande virefu vyembamba hufungwa kwenye gunia kuukuu na kuwa zulia la mlangoni. Mabaki yaliyo safi na makavu hukatwakatwa kwa kujazia mito.

Asiyejua kutofautisha pamba na sintetiki achomoe uzi mmoja na kuuchoma kwa uangalifu. Uzi wa pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Wa poliesta huyeyuka na kuacha tone gumu.

Tahadhari kabla ya kuanza

Kosa linaloweza kuua kikundi mapema ni kupokea kila kitu. Kikundi kikipokea nguo zenye ukungu, zilizolowa mafuta au dawa za shambani, kitakuwa jalala jipya la kata. Kiweke sharti tangu mwanzo kwamba kinapokea nguo kavu na zilizofuliwa, na kisione haya kukataa.

Pili, kikundi kisisafirishe uzito usio na thamani. Matambara ya kilo nyingi huuzwa kwa bei ndogo, hivyo nauli ya kwenda Mbeya inaweza kumeza mapato yote. Ni busara kuanza na wateja wa karibu: gereji na mafundi pikipiki wa Tukuyu, wafugaji, shule na wauza mazao. Kikundi kipate oda kabla ya kukata kitambaa.

Tatu, kutogawana faida hakumaanishi kufanya kazi kwa hasara. Kikundi cha kijamii nacho hulipa pango, uzi na fundi. Mapato yaandikwe kwenye daftari, na wanachama wakubaliane mapema kiasi kinachobaki kitumike kwa nini. Vikundi vingi havifi kwa kukosa wafadhili, hufa kwa kukosa daftari.

Kuhusu mtaji, vikundi husajiliwa na halmashauri, na mahali pa kuanzia ni kwa ofisa maendeleo ya jamii wa kata. Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 ili utaratibu urekebishwe, na ikarejeshwa mwaka 2024. Kwa ushauri wa ufundi na vifaa, Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO), lililoanzishwa mwaka 1973, lina ofisi mkoani Mbeya.

Hata hivyo, mkopo usiwe hatua ya kwanza. Wachuuzi watano wa gulio na mafundi cherehani wawili wanaweza kukubaliana kuweka mabaki yao kwenye magunia kwa mwezi mmoja, badala ya kuyatupa, na kuyapima mwisho wa mwezi. Watajua wana kilo ngapi, za aina gani, na ngapi kati ya hizo zinaweza kupata mteja jirani. Kikundi kitakachokwenda halmashauri na hesabu hiyo mkononi kitasikilizwa tofauti na kinachokwenda na maombi matupu. Gharama ya jaribio hilo ni magunia machache na mizani ya kuazima, na magunia ya viazi Rungwe si adimu.