Kijana wako amepata kazi ya meli ya watalii? Jua atakula nini na wapi

Juzi baada ya sala ya Isha dadangu alikuja nyumbani, na hata kabla ya kuvua viatu akaniambia, "Kaka, mtoto amepata meli." Alikuwa akicheka. Kisha akakaa kwenye mkeka, akanyamaza. Nilipomuuliza kulikoni akasema, "Furaha ninayo, Alhamdulillahi. Lakini miezi tisa huko baharini atakula nini? Nasikia wanapika nguruwe asubuhi na jioni."

Mpwa wangu ana miaka 23. Amesomea upishi hapa Mombasa na amepata kandarasi ya kazi za chini za jikoni, kuosha vyombo na kubeba masufuria. Yeye mwenyewe hana wasiwasi. Aliniambia, "Mjomba, nitakula mkate na mayai, siku zitapita."

Niliposikia hivyo nikaona lazima niandike. Maneno hayo hayo niliwahi kuyasema mimi nikiwa na umri kama wake, nilipomaliza diploma yangu ya hoteli na kupanda meli kwa mara ya kwanza. Yalinifikisha kwenye kitanda cha daktari wa meli. Nitalieleza hilo mbele. Kwanza tuelewe meli hizi zinalisha watu vipi, maana wengi wetu tunaziona Kilindini kwa nje tu.

Mji unaoelea

Chukua mfano wa Icon of the Seas, iliyoanza safari zake Januari 2024 kutoka Miami, Marekani. Inabeba abiria 5,610 wakikaa wawili wawili kila chumba, na ikijaa kabisa hufika 7,600. Wafanyakazi wake ni kama 2,350. Jumla ni karibu watu elfu kumi, na wote wanakula mara tatu kwa siku au zaidi. Fikiria kulisha mtaa mzima bila kuwa na njia ya kumtuma mtoto dukani kitunguu kikiisha. Meli nyingi ni ndogo kuliko hiyo, lakini mpangilio wa chakula ni ule ule.

Kwa abiria, sehemu za kula ni za aina nne.

Ya kwanza ni ukumbi mkuu wa chakula. Abiria anakaa mezani, anapewa menyu na mhudumu anamletea chakula kwa awamu: kianzio, chakula chenyewe, halafu kitamutamu. Menyu hubadilika kila usiku. Gharama yake imo ndani ya nauli. Desturi ya zamani ni zamu mbili, ya kwanza kama saa kumi na mbili jioni na ya pili kama saa mbili usiku, na abiria hukaa meza ile ile na mhudumu yule yule safari nzima. Kampuni ya Norwegian ililegeza desturi hiyo mwaka 2000, ikawaacha watu waje saa wanayotaka, na nyingine nyingi zikafuata. Zipo pia meli ambazo chumba ulichokodi ndicho kinachoamua utakula wapi. Katika Queen Mary 2 ya Cunard, abiria wengi hula ukumbi wa Britannia, na waliolipia vyumba vya kifahari wana kumbi zao, Princess Grill na Queens Grill.

Ya pili ni bufee. Mara nyingi iko sitaha ya juu, karibu na bwawa la kuogelea. Unachukua sahani, unajipakulia unachotaka na kurudia utakavyo. Hii nayo imo ndani ya nauli.

Ya tatu ni mikahawa ya kulipia, kama ile ya nyama ya kuchoma, ya Kiitaliano au ya Kijapani. Hapa hutoi pesa taslimu. Unatumia kadi ya meli, ile ile inayofungua mlango wa chumba chako, na deni linakusubiri mwisho wa safari.

Ya nne ni vibanda vidogo vya piza, baga na aiskrimu, pamoja na chakula kinacholetwa chumbani. Baadhi ya kampuni huleta bure, nyingine hutoza ada. Kuhusu vinywaji, kwenye meli nyingi kubwa maji ya kawaida, chai na kahawa ni bure, lakini soda na pombe hulipiwa.

Hapa nijibu swali ambalo nimelisikia mara nyingi Mji wa Kale: mbona watalii wa meli wanashuka, wanapiga picha, halafu hawanunui hata sahani ya pilau? Ndugu zangu, mtu huyo amekula kiamsha kinywa cha kushiba, na chakula cha mchana kinamngoja kwenye meli ambako ameshalipa. Pia hawezi kubeba chakula kilichopikwa akarudi nacho melini, kwa sababu meli nyingi zinakataza. Ukimuuzia shibe hatanunua. Muuzie kuonja: hamri moja ya moto, dafu, kipande cha mkate wa sinia, kikombe cha kahawa tungu, au pakiti ya viungo iliyofungwa vizuri.

Halali iko wapi?

Sasa turudi kwenye wasiwasi wa dadangu. Nguruwe yupo, na hilo halina haja ya kufichwa. Kwenye meli nyingi za Magharibi asubuhi kuna bekoni na soseji, na jioni kuna nyama yake ya aina nyingine. Lakini nyama inayoonekana si tatizo kubwa, kwa kuwa mtu anaiona na kuipita. Tatizo ni kile kisichoonekana.

Supu ya maharagwe inaweza kuwa na vipande vya nguruwe vya kuongeza ladha. Samaki, ambaye kwetu sisi tunaofuata madhehebu ya Shafi hana shida, anaweza kuwa amepikwa kwa divai nyeupe. Viazi vya kukaanga huenda vilitumbukizwa kwenye mafuta yaliyokaanga vitu vingine. Baadhi ya keki huwa na pombe na kitamutamu kile laini kinachotikisika huwa na jelatini, ambayo mara nyingi hutokana na nguruwe. Na kwenye bufee, koleo la kuchukulia kuku linaweza kuwa limetoka sahani ya jirani dakika moja iliyopita.

Kuna meli zilizolifikiria jambo hili. Aroya, meli ya Saudi Arabia iliyoanza safari Desemba 2024 kutoka Jeddah, chakula chake ni cha halali na haina pombe. Genting Dream, inayosafiri kutoka Singapore, ilipata cheti cha kuwafaa Waislamu mwaka 2023. Kwingine kote, abiria Mwislamu inampasa kuiandikia kampuni wiki kadhaa kabla ya safari. Akifika melini akiwa hajasema, atakuta stoo imeshajazwa na hakuna wa kumsaidia. Akishapanda, akaonane na msimamizi wa ukumbi mkuu siku ya kwanza. Ukumbi mkuu ni salama zaidi kuliko bufee, kwa sababu pale kuna mtu wa kuulizwa na chakula chako kinaweza kupikwa peke yake.

Kuhusu nyama ya ng'ombe au kuku iliyochinjwa na wasio Waislamu, siingilii. Kila mtu amuulize sheikh wake kabla ya kusafiri, si akiwa katikati ya bahari.

Mesi ya wafanyakazi

Kijana wetu hatakula kwenye kumbi hizo. Wafanyakazi wana sehemu zao sitaha za chini, zinazoitwa mesi. Kwa kawaida ziko tatu: ya wafanyakazi wa kawaida, ya wenye vyeo vya kati na ya maofisa. Kuchukua chakula cha abiria ukiwa kazini, hata kile kinachokwenda kutupwa, ni kosa linaloweza kukurudisha nyumbani. Vijana wengi wameponzwa na kipande cha keki.

Habari njema ni kwamba mesi ina wali karibu kila siku, kwa sababu wafanyakazi wengi wanatoka Ufilipino, Indonesia na India. Kuna mchuzi, kuna samaki, kuna dengu. Mtoto wa Pwani hawezi kufa njaa pale, akijua kuuliza.

Mimi sikujua kuuliza. Kandarasi yangu ya kwanza nilioshea vyombo kwenye meli ambayo sitaitaja. Siku kumi za kwanza nilikuwa nikila supu ya maharagwe kwa raha zangu, hadi alfajiri moja nilipopita jikoni nikamwona mpishi akiitia nguruwe. Nilijisikia vibaya hadi leo nikikumbuka tumbo linasokota. Kuanzia siku hiyo sikugusa kitu chochote cha sufuria. Nilikula mkate, mayai ya kuchemsha na ndizi, na kazi yenyewe ni ya saa kumi na zaidi kwenye joto na mvuke. Wiki ya tatu nilianguka kwenye ngazi nikiwa na trei ya vikombe.

Nilipozinduka, mkuu wa jiko alikuwa amesimama kando ya kitanda. Nilidhani ananifukuza. Akaniuliza, "Kwa nini hukuniambia?" Nikamjibu sikujua kama ninaruhusiwa kusema. Alinitazama muda mrefu. Kesho yake mesini kukawa na trei ya chakula kisicho na nguruwe wala divai, yenye koleo lake na karatasi iliyoandikwa. Ndipo nikagundua kwamba Waindonesia kumi na mbili walikuwa wakiishi kwa mkate na mayai kama mimi. Wote walikuwa wamenyamaza.

Ni haki, si hisani

Siku hizo nilimshukuru mkuu wa jiko kama aliyenipa sadaka. Leo hali ni tofauti. Kuna Mkataba wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006, ulioanza kutumika Agosti 2013, na Kenya iliuridhia mwaka 2014. Unasema baharia apewe chakula na maji ya kunywa bure muda wote wa kandarasi, chakula kiwe cha kutosha na chenye lishe, na dini na utamaduni wa mabaharia vizingatiwe. Kwa hivyo kijana akiuliza kuhusu nguruwe haombi upendeleo.

Mkataba huo huo unakataza wakala kumtoza baharia ada ya kumtafutia kazi. Anachoweza kulipia mwenyewe ni cheti cha afya, kitabu cha baharia, pasipoti na mambo kama hayo ya serikali. Wazazi, mtu akiwaambia mlete laki mbili "za nafasi", ulizeni kwanza Mamlaka ya Usafiri wa Baharini ya Kenya kama wakala huyo ana leseni.

Jambo jingine la kumwandaa nalo ni usafi. Meli zinazoingia bandari za Marekani hukaguliwa na maofisa wa afya bila kupewa taarifa, na hupewa alama juu ya 100. Alama 85 kushuka chini ni kufeli. Chakula cha moto kikae nyuzi 57 au zaidi, cha baridi nyuzi 5 au chini. Kunawa mikono huko ni sheria, kwa sababu ugonjwa wa kuhara na kutapika ukiingia unaweza kusambaa meli nzima kwa siku chache. Kijana anayetawadha mara tano kwa siku hatoona taabu hapo.

Na Ramadhani je? Inafungika. Mwaka wangu wa pili, wale Waindonesia walimwendea mkuu wa jiko wiki mbili mapema, wakapewa sufuria ya wali na samaki usiku kwa ajili ya daku, na kona ya mesi ya kufuturia. Tende zilitoka kwenye stoo ya abiria. Meli inapohama nchi, saa za Magharibi nazo huhama, kwa hivyo tulikuwa na kijana mmoja wa kazi za sitahani aliyetuletea saa ya jua kuzama kila siku.

Nimemwandikia mpwa wangu maswali matatu kwa Kiingereza kwenye kijidaftari: Kuna nguruwe ndani? Kuna divai? Kimekaangwa mafuta gani? Nikamwambia siku ya kwanza, kabla hata ya kufungua begi, amtafute anayesimamia mesi, ajitambulishe kwa adabu na aseme yeye ni Mwislamu. Akicheleweshwa, arudi tena. Wakimpuuza, ana haki ya kupeleka malalamiko kwa wakubwa wa meli bila kuadhibiwa.

Dadangu yeye alitaka kumfungia achari ya maembe na sambusa za nyama. Sambusa nimezikataa, zitatupwa langoni. Achari tumekubaliana anunue ya dukani, iliyofungwa, na tuombe iruhusiwe.

Anasafiri mwezi ujao inshaallah. Mungu amlinde, pamoja na vijana wetu wote walioko baharini. Na wewe mzazi ambaye mwanao yuko huko sasa, usiku wa leo ukimpigia simu, usimuulize tu kama mshahara umeingia. Muulize amekula nini.