Baraka: Jina la mji lina njia 120, na swali moja linaloweza kuokoa pointi za Exetat

Andika jina la mji wa Baraka kwenye karatasi. Sasa zipange upya herufi zake kwa kila namna inayowezekana, hata kama neno linalotokea halina maana: KARABA, RABAKA, ABARAK na kuendelea. Utapata maneno mangapi tofauti?

Finalisti mwenye haraka atajibu 720. Jibu la kweli ni 120. Na kuna jambo la kushangaza zaidi: jina la Uvira, lenye herufi tano tu, nalo linatoa 120.

Tofauti hiyo kati ya 720 na 120 ndiyo inayowapotezea pointi wanafunzi wengi wa sekondari wanapofika kwenye sura ya hesabu za kupanga na kuchagua, ile inayobeba majina matatu ya kutisha: permitasioni, aranjima na kombinezoni. Wengi hukariri fomula zote tatu vizuri. Shida huja pale swali linapowekwa mezani na mwanafunzi hajui achukue ipi.

Kwenye mtihani wa serikali, Exetat, kosa hilo ni la gharama. Maswali ni ya kuchagua jibu, na mtunzi anaweza kuweka 720 na 120 bega kwa bega. Mwanafunzi aliyekosea njia anaona jibu lake limeandikwa pale, anafurahi, anaweka alama na kuendelea. Hakuna kinachomwambia kwamba amepotea. Na nyuma ya kila pointi kuna mfuko wa mzazi. Mwaka 2019 serikali ilitangaza masomo bure katika shule za msingi za umma, lakini kwenye sekondari mzazi bado analipa, na katika mji huu wa kando ya Ziwa Tanganyika pesa hiyo mara nyingi inatoka kwenye ndagala, muhogo au biashara ndogo ya sokoni.

Shida inaanzia kwenye lugha

Ukiangalia kwa makini, hesabu zenyewe si ngumu. Ni kuzidisha na kugawanya, kazi ambayo mtoto wa shule ya msingi anaiweza. Kinachochosha ni kusoma swali.

Mtoto wa Baraka anaongea Kibembe au Kiswahili nyumbani. Mwenzake kutoka familia za wakimbizi wa Burundi, waliopokelewa katika kambi ya Lusenda tangu mwaka 2015, anaongea Kirundi. Darasani wote wanakutana na swali la Kifaransa. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inatoa nafasi kwa lugha za taifa mwanzoni mwa shule ya msingi, lakini mtoto akifika sekondari, Kifaransa ndicho kinachotawala. Katika sura hii, neno moja dogo la Kifaransa linabadilisha jibu lote.

Dawa yake ni rahisi: kabla ya kugusa fomula, mwanafunzi ajiulize kwa Kiswahili, "Nikibadilisha nafasi, je, kitu kinabadilika?"

Chukua mfano wa darasa. Wanafunzi wanane wanagombea kuongoza. Tunataka mkubwa wa darasa, katibu na mtunza pesa. Mkubwa anaweza kupatikana kwa njia 8, katibu kwa 7 zilizobaki, mtunza pesa kwa 6. Zidisha: 8 × 7 × 6 = 336. Hapa nafasi ina maana, kwa sababu mtunza pesa akiwa mkubwa, na mkubwa akashika pesa, hiyo ni kamati nyingine. Hiyo ndiyo aranjima.

Sasa badilisha swali kidogo. Kati ya walewale wanane, tunatuma wajumbe watatu kwenye mazishi, bila cheo. Ukianza kutaja huyu au yule, kundi ni lilelile. Kila kundi la watu watatu limehesabiwa mara 6 ndani ya zile 336, kwa sababu watu watatu wanaweza kupangwa kwa njia 3 × 2 × 1. Gawanya: 336 ÷ 6 = 56. Hiyo ndiyo kombinezoni.

Permitasioni ni pale unapopanga wote bila kumwacha mtu. Abiria watano kwenye ubao mmoja wa boti ya kwenda Kalemie wanaweza kukaa kwa njia 5 × 4 × 3 × 2 × 1, yaani 120.

Turudi kwenye jina la mji. Herufi sita zinatoa 720, lakini A ziko tatu. Ukizibadilishana nafasi zenyewe kwa zenyewe, mara 6, hakuna atakayeona tofauti. Kwa hiyo 720 ÷ 6 = 120. Uvira haina herufi inayorudia, kwa hiyo 120 yake inabaki kamili. Fizi ina I mbili: 24 ÷ 2 = 12.

Neno "angalau"

Mtego mwingine ni swali lenye neno "angalau". Darasa lina wavulana 5 na wasichana 4. Tunachagua watu watatu, na angalau mmoja awe msichana. Wengi huanza kuhesabu msichana mmoja, kisha wawili, kisha watatu, na kuchanganyikiwa njiani.

Njia fupi ni kuhesabu kinyume chake. Makundi yote ya watu watatu kati ya 9 ni 84. Makundi ya wavulana watupu ni 10. Toa: 84 − 10 = 74. Mwenye muda anaweza kuhakikisha kwa njia ndefu: 40 + 30 + 4 = 74.

Si ya shule tu

Namba ya siri ya tarakimu nne kwenye simu ya kutumia pesa ina njia 10 × 10 × 10 × 10, yaani 10.000, kwa sababu tarakimu inaweza kurudia. Lakini anayeweka mwaka wake wa kuzaliwa anamrahisishia mwizi kazi: kuanzia 1950 hadi 2010 kuna miaka 61 tu ya kujaribu.

Wapenzi wa mpira nao wanaitumia bila kujua. Timu 6 zikikutana mara moja moja, mechi ni 15. Kila timu ikicheza nyumbani na ugenini, nafasi inakuwa na maana, na mechi zinakuwa 30.

Na kupanga herufi si mchezo mpya. Katika karne ya 8, msomi Al-Khalil ibn Ahmad, mzaliwa wa Oman aliyefanya kazi Basra, alitumia njia hiyo kutengeneza kamusi ya Kiarabu: mzizi wa herufi tatu una mipangilio 6, wa nne una 24, wa tano una 120. Ni 120 ileile ya Uvira.

Kwa finalisti anayejiandaa, zoezi la leo ni jina la Kazimia, kusini mwa Fizi. Lina herufi saba, A mbili na I mbili. Ukipata 5.040, umesahau kugawanya. Ukipata 2.520, umekumbuka jozi moja na kusahau nyingine. Ukipata 1.260, uko tayari kwa swali linalofuata.