Aliyezaliwa Ulyankulu Husomeshwa na Nani?

Msimu wa maombi ya mikopo ukifika, steshenari za Ng'ambo, hapa Tabora, hujaa vijana waliomaliza kidato cha sita. Kuna swali halikosekani kwenye foleni: lazima uwe umekaa nchini miaka mingapi ndipo Serikali ikusomeshe? Haijalishi miaka. Bodi ya Mikopo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, inataka kujua kama wewe ni raia.

Wala si bure. Ada imefutwa hadi kidato cha sita tu. Ya chuo kikuu ni deni, na ukiajiriwa utakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi. Samia Skolashipu ndiyo hairudishwi, lakini hiyo ni ya waliofaulu zaidi masomo ya sayansi.

Scotland wana utaratibu mwingine. Serikali yao humlipia ada ya shahada ya kwanza mkaazi wa Scotland, ambaye kwa kawaida awe ameishi Uingereza miaka mitatu kabla ya kuanza masomo. Kijana wa London anayehamia Edinburgh kwa ajili ya chuo tu hujilipia, japo pasipoti yake ni ile ile ya mwenzake. Kwetu ni kinyume: mwenye pasipoti ya Oman, hata kama bibi yake alizaliwa Ng'ambo na yeye mwenyewe amerudi kuishi hapa, hapati, maana mtu mzima haruhusiwi kuwa na uraia pacha.

Wamanyema wa Ng'ambo, ambao wazee wao walikuja na misafara kutoka Kongo, hawana haja ya kubabaika. Tarehe 9 Desemba 1961, mtu aliyekuwa chini ya himaya ya Uingereza na aliyezaliwa Tanganyika, na angalau mzazi wake mmoja naye kazaliwa hapa, alikuwa raia bila kuomba.

Penye ugumu ni Ulyankulu. Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 walipewa makazi huko, pia Katumba na Mishamo. Watoto wa Ulyankulu walizaliwa Tabora na kukua wakisema Kiswahili, lakini kivitendo kuzaliwa nchini peke yake hakutoshi. Uhamiaji hutazama uraia wa wazazi. Kwa hiyo kijana aliyeishi Ulyankulu maisha yake yote hakuwa na haki ya mkopo. Tegemeo lilikuwa ufadhili wa DAFI, unaosimamiwa na UNHCR kwa fedha za Ujerumani tangu 1992, na nafasi zake hazitoshi. Mwaka 2010 Serikali ilitangaza uraia kwa watu wapatao 162,000. Vyeti vilianza kugawiwa Oktoba 2014. Ile miaka minne ya kungoja karatasi, kwa mtu wa umri wa chuo, naiona ni adhabu.

Miaka ya ukaazi, basi, huhesabiwa kwenye kuomba uraia: sheria ya 1995 inadai miezi 12 mfululizo kabla ya maombi na, ndani ya miaka 10 iliyotangulia hiyo, jumla isiyopungua saba.

Muhuri wa mwenyekiti wa mtaa kwenye fomu ya mkopo huthibitisha tu kwamba unafahamika, haukupi uraia. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA mapema, na wa Ulyankulu waweke cheti cha uraia cha mzazi mahali pasipofikiwa na mchwa.