Kufundisha Udongo wa Vilima vya Matale

Mada ya udongo katika shule za msingi aghalabu huanzishwa kwa mchoro ubaoni: tabaka la juu jeusi, tabaka la kati jekundu, na mwamba chini kabisa. Mchoro huo si wa uongo, lakini si wa kila mahali. Tuliwahi kukaa nyuma ya Darasa la Tano katika shule moja iliyo chini ya kilima cha mawe, karibu na Ziwa Viktoria, tukimtazama mwalimu mwanafunzi akiuchora kwa ufundi mwingi. Mtoto mmoja akanyosha mkono, akasema: "Mwalimu, nyumbani kwetu ukichimba shubiri moja jembe linagonga jiwe." Mwalimu akamjibu kwamba wa kwao si udongo kamili, akaendelea na somo. Mtoto akaketi, wala hakuuliza tena.

Mtoto yule alikuwa amelileta somo mlangoni, nalo likafukuzwa. Makala haya yamekusudia kueleza udongo wa kwao ni udongo wa namna gani, na jinsi unavyoweza kufundishwa.

Asili ya udongo huu

Vilima vingi vya Mwanza, Ukerewe na sehemu kubwa ya Usukuma ni vya mawe ya matale, ambayo pia huitwa granaiti. Ni miamba mikongwe mno, yenye umri wa zaidi ya miaka milioni 2,500. Ukivunja kipande chake utaona chembe za namna tatu: kwatzi, iliyo ngumu na ang'avu kama kioo, feldispa, iliyo nyeupe au ya rangi ya waridi, na maika, ambayo ni magamba membamba yanayometameta.

Mvua na hewa vikilishambulia jiwe hili kwa muda mrefu, feldispa huoza ikawa mfinyanzi, nayo kwatzi hubaki kuwa mchanga. Katika mteremko mkali maji huuchukua mfinyanzi kwanza, kwa kuwa chembe zake ni nyepesi. Ndiyo sababu udongo wa huko ni wa mchanga na changarawe, haushiki maji sana, na una chokaa na fosforasi kidogo. Tena hufanyika polepole mno: sentimita moja yaweza kuchukua mamia ya miaka. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba hiki hujazwa kwa vizazi vingi.

Wanafunzi watauliza pia habari za mawe yaliyobebana, kama yale ya Jiwe la Bismarck pale Mwanza. Mengi ya mawe ya namna hiyo yalianza kuviringika yakiwa bado chini ya ardhi. Maji yalipenya katika nyufa za mwamba, yakaozesha kingo, viini vikabaki vigumu. Udongo uliovizunguka ulipochukuliwa, viini vikabaki juu. Hapa mwalimu awe mwangalifu. Hayo yalitokea katika enzi ndefu kabla ya jembe la kwanza kupiga ardhi. Tusimtwike mkulima lawama isiyo yake.

Kazi ya miti

Kama udongo ni haba hivyo, miti huishije? Mizizi yake hupenya katika nyufa za mwamba kutafuta maji, na huko huzidi kuupasua. Chakula cha miti kwa sehemu kubwa hakimo mchangani, bali kimo katika miti yenyewe na katika majani yaliyoanguka. Majani huoza, na mizizi ya juujuu huvuta rutuba ile kabla mvua haijaichukua. Twaweza kuwafananishia wanafunzi na duka dogo: mtaji wake ni mdogo, lakini unazunguka upesi.

Miti ikikatwa na kuchomwa, majivu huweza kumpa mkulima mavuno mazuri kwa msimu mmoja au miwili. Baada ya hapo mtaji umekwisha kuliwa. Matone ya mvua hupiga mchanga mtupu na kuusomba. Penye udongo wa mita mbili, kupoteza sentimita tano ni hasara ndogo. Penye sentimita ishirini, hiyo ni robo ya mali yote. Hesabu hii wanafunzi wa Darasa la Tano waweza kuifanya wenyewe, na yafaa waifanye.

Kilima ni mnyororo

Mwaka 1935 mtaalamu wa udongo G. Milne, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, alitoa fikra kwamba udongo wa mteremko utazamwe kama mnyororo mmoja, kutoka juu hadi bondeni. Aliuita katena, neno la Kilatini lenye maana hiyo hiyo. Wakulima wa Kisukuma nao wana majina yao kwa pingili za mnyororo huo: luseni ni udongo wa mchanga wa mteremkoni, itogolo ni wa chini zaidi, na mbuga ni ule mweusi wa bondeni. Maji yanayopenya mchanga wa juu hukutana na mwamba, hufuata mteremko chini kwa chini, kisha hutokea penye majaruba ya mpunga. Basi mtoto wa kilimani na mtoto wa bondeni wanakula katika sahani moja.

Hatua za somo

Kwanza, mwalimu apande kilima peke yake siku moja kabla, achague mahali panne: karibu na mwamba wa juu; katikati ya mteremko chini ya miti; katikati ya mteremko palipo wazi; na chini kabisa.

Pili, vikundi vya wanafunzi watano au sita wapewe nondo nyembamba iliyotiwa alama za sentimita. Waisukume ardhini mara tano kila mahali, waandike vipimo, watafute wastani. Kipimo kimoja hakitoshi, maana nondo yaweza kugonga jiwe dogo.

Tatu, wachukue udongo wa kila mahali, wautie katika chupa hadi theluthi moja, waongeze maji, watikise, waache hadi kesho yake. Mchanga utatangulia kutua, mfinyanzi utafuata, na vipande vya majani vitaelea.

Nne, wachukue makopo mawili yaliyotobolewa upande mmoja karibu na ukingo, wayajaze udongo wa namna moja hadi usawa wa tundu, na kuyainamisha kuelekea upande huo. Moja lifunikwe kwa majani makavu. Wanyunyize maji ya kiasi kile kile, kisha walinganishe rangi ya maji yanayotoka.

Tano, wawaulize wazee nyumbani majina ya udongo wa kijijini, na mazao yanayofaa kila mmoja.

Tahadhari

Watoto wasichimbe chini ya mawe makubwa, wala wasiingize mikono katika nyufa, kwa hofu ya nyoka. Vilima vingine ni mahali pa matambiko. Ruhusa iombwe mapema. Mashimo yafukiwe, na majani yarudishwe yalipotolewa. Mwalimu anayehubiri hifadhi akaacha makovu kilimani amejipinga mwenyewe.

Zaidi ya yote, vipimo visipolingana na kitabu, visifutwe. Wanafunzi wakikuta chini ya miti udongo ni mwembamba kuliko palipo wazi, waulizwe sababu: huenda mteremko hapo ni mkali zaidi, au huenda wakulima walichagua zamani penye kina na kuiacha miti penye mawe. Swali kama hilo lafundisha sayansi kuliko jibu la kukariri.

Mchoro wa tabaka tatu uchorwe basi, lakini uchorwe mwisho, kando ya michoro minne ya kilima chao. Hapo yule mtoto aliyegonga jiwe kwa jembe ataona kwamba udongo wa kwao ni kamili, ila ni mchache, na kitu kichache ndicho kinachohitaji kutunzwa zaidi.